Maswali ya Wasomaji: Kichwa Kimoja, Nakala Kumi na Mbili

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na karibu zote zinahusu vichwa vya sanaa vinavyotolewa kwa idadi maalumu. Tumezipunguza urefu, na zilizouliza jambo moja tumeziunganisha. Tunazungumzia vichwa vya kufinyanga na kumimina, vyenye uso unaocheka, kulia, kukasirika au kushangaa, vikubwa kama kichwa cha mtu au nusu yake. Sanamu za viongozi zinazosimamishwa kwenye mizunguko ya barabara zina mambo yake, tutazijibu siku nyingine.

Shikamooni wahariri. Nimefinyanga kichwa cha mzee anayecheka, sentimita 24 kutoka kidevuni hadi utosini. Kila anayekitazama anasema mdomo unacheka lakini macho yamekufa. Nimeongeza meno, bado. Nirekebishe wapi? (Kijana wa Uyole, Mbeya)

Marahaba. Meno yaondoe kwanza, maana ndiyo yanayokupotosha. Ukichonga jino mojamoja unapata bandia za meno, si kicheko. Weka ukanda mmoja wa udongo uliopinda kufuata taya, uuingize ndani kidogo ili mdomo wa juu uutupie kivuli, kisha gusia nafasi za meno kwa ncha ya kisu bila kuchimba.

Kazi yenyewe iko chini ya jicho. Mwaka 1862 daktari Mfaransa, Duchenne de Boulogne, alichapisha matokeo ya kusisimua misuli ya uso kwa umeme. Alionyesha kwamba msuli unaovuta pembe za mdomo mtu anaweza kuuamrisha, ila ule unaozunguka jicho haukubali amri kirahisi. Hujikaza furaha ikiwa ya kweli. Kwa hiyo kwenye udongo wako pandisha shavu: ongeza donge la milimita 5 au 6 juu ya mfupa wa shavu, lisukume kuelekea jicho. Kope la chini lipande, ukingo wake unyooke, lifunike sehemu ya chini ya mboni. Mkunjo unaoshuka kutoka puani uanzie nyuma ya tundu la pua, na tundu lenyewe litanuke. Mikunjo ya pembeni mwa macho ikilingana urefu na nafasi itaonekana imepigwa kwa uma. Mmoja uwe mrefu, wa pili mfupi, wa tatu ufifie.

Mboni ichimbe milimita 6 hadi 8, uache kijinundu kidogo upande wa juu kishike mwanga. Vijinundu vya macho yote mawili vikae upande uleule, vinginevyo mzee atakuwa makengeza. Pembe moja ya mdomo iwe juu ya nyingine kwa milimita 2 au 3, kwa kuwa uso ulio sawasawa pande zote husomeka kama barakoa. Ukimaliza, kitazame kutoka chini ya kidevu, halafu kwenye kioo, halafu gizani ukiwa na tochi juu ya paji. Makosa mengi hujificha ukifanya kazi chini ya taa moja mchana kutwa.

Anayetaka kuona jambo hili lilivyofikishwa mbali atafute picha za vichwa vya Franz Xaver Messerschmidt (1736–1783), vingi vikiwa katika jumba la Belvedere, Vienna. Mgeni aliyemtembelea mwaka 1781 aliandika kwamba alikuwa akijifinya mbavu mbele ya kioo, akitazama uso unavyojikunja, kisha anauchonga. Majina ya vichwa hivyo yanayotumika leo hakuyatoa yeye. Yalibandikwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1793, yeye akiwa ameshafariki. Baadhi hayalingani kabisa na uso unaouona. Jina la kichwa chako liandike wewe, mapema.

Nakala ngapi ndizo "idadi maalumu"? Rafiki yangu anatoa 100, mwingine 5. Na herufi N.M. zinazowekwa pembeni zina maana gani? (Mchongaji, Mafinga)

Mfano unaoigwa sana ni wa Ufaransa. Sheria yao ya kodi inaihesabu sanamu ya kumiminwa kuwa kazi halisi ya sanaa endapo nakala hazizidi 12, msanii au warithi wake wakisimamia. Kwa desturi nakala 8 huandikwa 1/8 hadi 8/8, na 4 zilizobaki ni za msanii, zikiandikwa kwa namba za Kirumi, I/IV hadi IV/IV. N.M. ulizoziona bila shaka ni nakala za msanii. Hizo nazo huuzwa, kwa hiyo mnunuzi ana haki ya kuambiwa zipo ngapi. Ukisema 8 huku una 4 kabatini, umetoa 12.

Nakala 100 za kichwa kikubwa hatuzishauri, na sababu ya kwanza ni kalibu, yaani umbo tupu ambamo nakala humiminwa. Kalibu ya silikoni inayomiminiwa resini ya polista huanza kukakamaa na kupoteza vinyweleo baada ya nakala 20 hadi 30 hivi, kwa sababu kemikali ya resini inaila taratibu. Kufika 100 utahitaji kalibu nne au tano, na mnunuzi wa nakala ya 80 anapata kitu tofauti na wa nakala ya 3. Chagua 8 au 12. Kalibu bado itakuwa na nguvu, na hutashawishika kuongeza.

Idadi iandikwe kwenye daftari kabla ya nakala ya kwanza kuuzwa, pamoja na ukubwa na malighafi. Ukija kutoa kichwa hichohicho kwa nusu ya ukubwa, au kwa shaba badala ya resini, hilo ni toleo jingine lenye idadi yake. Mnunuzi wa kwanza aambiwe tangu mwanzo kwamba unakusudia hivyo. Ugomvi mwingi kati ya wasanii na wakusanyaji unatoka hapa, si kwenye bei.

Bei nayo: jumlisha gharama za kalibu, uzigawe kwa idadi. Kalibu ya shilingi 360,000 kwa nakala 12 ni shilingi 30,000 kwenye kila kichwa, kabla hujagusa resini, kitako, sanduku na siku zako za kazi. Wengi hupandisha bei kwa ngazi, nakala 4 za kwanza bei moja, 4 zinazofuata juu kidogo, za mwisho juu zaidi. Usishushe katikati. Aliyenunua mapema atakuwa amekopesha imani yake bure.

Silikoni yangu imekaa siku tatu na bado inanata kama gundi. Ni Julai, baridi kali. Nimeongeza hadina (dawa ya kuigandisha) mara mbili. Niitupe? (Mama msanii, Njombe mjini)

Pole, mama. Iliyonata itupe. Kuipaka silikoni mpya juu yake ni kuzika tatizo, kwa sababu safu ya chini haitaiva kamwe. Ikwangue kwa kipande cha plastiki, futa kichwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, acha kikauke siku nzima, uanze upya.

Hukusema ni silikoni ya aina gani, na jibu linategemea hilo. Kama unachanganya na hadina kidogo, asilimia 2 hadi 5, hiyo ni ile inayoivishwa na bati. Inapenda joto la nyuzi 20 hadi 25 na unyevu kidogo hewani. Njombe mwezi wa saba huna kimojawapo: baridi hushuka karibu na sifuri usiku, na hewa ni kavu. Kuongeza hadina mara mbili huharakisha uso, kalibu inatoka ngumu, inachanika masikioni na kusinyaa ndani ya miezi michache. Fuata kipimo cha mtengenezaji, uongeze joto badala ya hadina. Kama unachanganya sehemu mbili zinazolingana, hiyo ni ya platinamu, nayo ina adui mwingine, salfa. Plastisini nyingi za kufinyangia zina salfa. Hata glavu za mpira wa kawaida, zile za zahanati, zinatosha kuizuia isiive. Tumia glavu za vinili au nitrili. Aina yoyote uliyo nayo, paka tone dogo chini ya shingo usiku, uliangalie asubuhi kabla hujamwaga kopo zima.

Joto la chumba lipatikane kwa taa ya vifaranga, ile inayouzwa maduka ya mifugo, ikining'inia nusu mita kutoka kwenye kichwa ndani ya sanduku la maboksi lililo wazi juu. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa usilifikirie. Hewa yake inaua, na kama kuna resini mahali hapo, mvuke wake unashika moto.

Kwa kichwa cha sentimita 24 chenye shingo, pima silikoni kilo 2. Cha nusu ukubwa kinatosheka na nusu kilo, na ndicho tunachoshauri kwa kalibu ya kwanza. Tumia mizani ya jikoni ya kidijitali. Kwa kipimo cha asilimia 3, gramu 500 za silikoni zinataka gramu 15 za hadina, na kukadiria kwa kizibo cha chupa ndiko kunakoleta mabaka laini. Koroga polepole dakika tatu ukikwangua kuta na kitako cha chombo, kisha hamishia kwenye chombo cha pili ukoroge tena. Silikoni isiyochanganyika hujificha kwenye kona za chombo cha kwanza.

Safu ya kwanza iwe nyembamba kama rangi. Paka kwa brashi laini, ipulize kwa mdomo kwenye mikunjo ya macho na ndani ya masikio ili mapovu yapasuke. Kila povu utakaloliacha litakuwa chunusi kwenye nakala zote 12. Safu ya pili ipakwe ya kwanza ikiwa imeshika lakini bado inanata kwenye ncha ya kidole. Endelea hadi unene ufike milimita 8, ukiongeza bandeji ya gozi katikati, si kwenye safu ya kwanza, la sivyo mistari yake itatokea usoni. Nyuma ya masikio na chini ya kidevu jaza kabisa, pasibaki pango. Ganda gumu la nje likiingia kwenye pango halitoki bila kuvunjika.

Ganda hilo litengeneze kwa plasta na katani, vipande viwili vikikutana kwenye mstari unaopita juu ya utosi na nyuma ya masikio. Kwa ukubwa huu uwe na kilo 5 za plasta kwa lita 3 na nusu za maji, zichanganywe kwa awamu. Nyunyizia plasta ndani ya maji, si maji ndani ya plasta, iache izame yenyewe dakika mbili, ndipo ukoroge. Chovya nyuzi za katani, zitandaze mpaka unene wa sentimita 2. Kabla ya kupaka nusu ya pili, chimba vishimo vitatu kwenye ukingo wa nusu ya kwanza viwe vya kufungia, kisha paka vaselini ukingo wote. Ukisahau vaselini, una jiwe moja. Ganda likishakauka na kutoka, chana silikoni nyuma, kutoka utosini hadi kisogoni, kwa mstari wa mawimbi ili ikirudi ijishike mahali pake.

Neno kuhusu plasta: unga wa jipsamu unaouzwa kwa mafundi wa dari umetengenezwa uchelewe kukauka na ukae laini upate kupigwa msasa. Kwa ganda la kalibu haufai. Ulizia plasta ya kumiminia. Jaribio ni rahisi: changanya kikombe kimoja, na kama baada ya nusu saa haijapata joto na ukucha unaingia, irudishe dukani.

Naweza kuita "shaba" kichwa cha resini kilichochanganywa na unga wa shaba? Na kwa nini changu kimetoka na rangi ya matope? (Fundi wa faiba, Ipogolo, Iringa)

Hapana. Andika "resini yenye unga wa shaba" kwenye cheti kinachoambatana na nakala na kwenye tangazo. Mkusanyaji atakayekipima kwa mkono atajua papo hapo. Kichwa cha resini kilicho na uwazi ndani ni chepesi mno kuliko cha shaba, ambayo kwa ujazo uleule ina uzito wa takriban mara nane hadi tisa wa maji.

Rangi ya matope inatokana na unga kuwa mchache, au kusambazwa kwenye resini yote. Unga unahitajika kwenye uso tu. Changanya resini na unga wa shaba kikombe kwa kikombe, iwe nzito kama uji, upake ndani ya kalibu unene wa milimita 1 hivi. Ikishika, fuatisha resini iliyochanganywa na unga wa marumaru kilo kwa kilo, kisha vipande vidogo vya mkeka wa faiba kwenye shingo na nyuma ya pua. Unene wote usizidi milimita 8. Ukijaza kichwa kizima, resini itachemka kwa joto lake yenyewe na kupasuka. Chokaa ya kupakia ukuta isichukue nafasi ya unga wa marumaru. Ni kitu tofauti.

Hadina ya polista ni asilimia 1 hadi 2. Mchana wa joto weka gramu 10 kwa kilo, asubuhi ya Juni karibu na 20. Baadhi ya maduka huuza resini kwa chupa tatu: resini, kobalti na hadina. Kobalti na hadina zisikutane peke yake hata tone; zinalipuka. Koroga kobalti ndani ya resini kwanza mpaka ipotee, halafu hadina. Hadina ikiruka jichoni inaweza kupofusha: vaa miwani ya kazi, na ikitokea, osha kwa maji mengi dakika 15 bila kusimama, kisha hospitali. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa resini hata kidogo. Inatakiwa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali.

Nakala ikitoka bado ni ya matope. Saa 24 baadaye isugue kwa wulu laini ya chuma mpaka shaba ing'ae, paka dawa nyeusi ya viatu, uifute yote isipokuwa kwenye mikunjo. Maliza kwa nta ya nyuki. Kalibu nayo ipumzike siku moja kabla ya nakala inayofuata. Kuimimina mfululizo ndiko kunakoiua mapema. Saini na mwaka vichongwe kwenye kichwa cha asili ili vitoke na kalibu, halafu namba ya nakala ichimbwe baadaye kwenye ukingo wa shingo kwa kinu kidogo cha kuchorea. Kalamu ya wino inafutika kwa pamba.

Sisi kwetu tunafinyanga vyungu. Vichwa vya udongo vilivyochomwa kwa kuni vinaweza kuwa toleo la idadi maalumu? Vingi vinapasuka. (Kikundi cha akina mama, pwani ya Ziwa Nyasa, Kyela)

Vinaweza, na tungependa kuviona vingi zaidi. Vyungu vya Wakisi wa Ikombe vinajulikana hadi mbali, lakini ujuzi huo haujatumika sana kwenye vichwa. Tofauti iko kwenye unene. Chungu kina ukuta unaolingana kote. Kichwa kina pua nene na shingo nyembamba, na hapo ndipo kinapopasuka.

Tengenezeni kalibu ya plasta ya vipande viwili, uso na kisogo. Udongo uchanganywe na vigae vya vyungu vilivyopondwa na kuchekechwa, asilimia 20 hadi 30 ya udongo mkavu. Bonyezeni tabaka la sentimita 1 ndani ya kila kipande, pua ikiwa na shimo kwa nyuma. Plasta inafyonza maji. Udongo ukianza kuachana na ukingo, chora kingo, pakeni ujiuji wa udongo, mviunganishe. Tobo chini ya shingo ni lazima. Masikio na pua hukauka kabla ya sehemu nyingine, kwa hiyo yafunikeni kwa kitambaa chenye unyevu, na kichwa kizima kikae ndani ya plastiki iliyolegea wiki mbili au tatu. Masika ongezeni wiki.

Wengi wanalaumu mapovu ya hewa kichwa kinapolipuka motoni. Kinacholipua ni maji yaliyobaki ukutani yakigeuka mvuke ghafla. Kichwa kipashwe juu ya makaa ya pembeni kwa muda wa saa 2 au 3, tobo likiwa wazi. Shikeni kioo kikavu mbele ya tobo: kikiingia ukungu, bado. Moto ukishakolea na kuisha, kiacheni ndani ya majivu hadi kipoe chenyewe, kwa sababu karibu nyuzi 573 chembe za mchanga ndani ya udongo hubadilika ukubwa, na upepo wa ziwani ukipiga hapo mtasikia mlio.

Udongo husinyaa, hivyo pimeni. Chora mstari wa milimita 100 kwenye kipande kibichi, chomeni, pimeni tena. Ukitoka 91, kichwa mnachotaka kiwe sentimita 20 kifinyangwe cha sentimita 22. Finyangeni 15 mpate 12 salama. Saini ichorwe kabla ya moto, namba ichongwe baada ya moto, kwa vilivyonusurika tu. Madoa ya moshi yatatofautiana kila kichwa, nayo yaandikwe kwenye cheti kwamba ni sehemu ya kazi. Wako wakusanyaji wanaoyachagulia hayo hayo.

Nimeletewa kichwa cha shaba, namba 5/8, msanii ameshafariki. Nitajuaje si nakala ya nakala? (Mkusanyaji, Iringa mjini)

Chukua rula kabla ya pochi. Shaba ikipoa husinyaa, kwa kawaida asilimia 1.5 hadi 2. Anayetengeneza kalibu juu ya nakala iliyokwisha kumiminwa anapata kichwa kidogo zaidi, na nakala ya nta inayotangulia ile ya shaba nayo husinyaa. Kichwa cha milimita 300 kikiwa pungufu kwa milimita 6 au zaidi, jiulize. Ndiyo maana cheti kizuri huandika urefu kwa milimita, kutoka alama mbili zinazotajwa, pamoja na uzito, malighafi, idadi ya toleo na ya nakala za msanii, mwaka wa kumimina, na kama kalibu imeharibiwa. Angalia pia mikunjo ya kope na ndani ya masikio: nakala ya nakala huwa imefifia humo, na namba ya zamani huenda ikaonekana imejazwa.

Kufariki kwa msanii peke yake si ushahidi wa wizi. Honoré Daumier wa Ufaransa alifinyanga vichwa vya wanasiasa wa zama zake kuanzia mwaka 1832, kwa udongo mbichi uliopakwa rangi. 36 viko Musée d'Orsay, Paris. Alifariki mwaka 1879, na nakala za shaba zinazouzwa zilimiminwa karne ya 20. Ni halali, ila bei yake isilingane na kitu kilichopita mikononi mwake. Muulize muuzaji mwaka wa kumimina, si mwaka wa kufinyanga.

Nataka kutoa toleo la kichwa cha Mtwa Mkwawa, nakala 12. Kuna kizuizi? (Msanii, Kalenga)

Fuvu la chifu huyo wa Wahehe lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na kuwekwa hapo kwenu Kalenga ni mabaki ya mtu mwenye ukoo, si kielelezo cha kufinyangia. Usilipime wala kuliiga kwa ajili ya biashara. Taswira ya uso wake ni jambo jingine: nenda kwa wazee wa ukoo na kwa wahusika wa makumbusho kabla ya udongo, si baada ya nakala ya kumi, na kwenye cheti andika waziwazi "taswira ya msanii". Kwa mtu aliye hai, pata ruhusa yake kwa maandishi, ikitaja idadi. Ukiiga sanamu ya msanii mwenzako, kumbuka Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Kazi zako mwenyewe zisajili COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, kwa picha za pande nne.

Vichwa vya mpingo navyo vinawekewa namba? (Mchonga vinyago, Songea)

Visiwekewe. Kila kigogo kina mishipa yake na kila kichwa umekichonga upya. Andika "kipande pekee" na utoze ipasavyo. Kwa wateja wa nje, mpingo upo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, pamoja na jamaa zake wote tangu mwaka 2017. Bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mti huo kwa mzigo mmoja zimesamehewa kibali cha CITES, lakini vibali vya mazao ya misitu vya hapa nchini viulizie kwa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kabla ya kufunga mzigo.

Nimepeleka vichwa vitatu Dar es Salaam kwa basi, viwili vimefika bila pua. Nifungeje? (Mfanyabiashara wa sanaa, Mwanjelwa, Mbeya)

Vilifungwa vikiwa vimesimama kwenye vitako vyake, au sivyo? Kitako kitolewe. Kichwa kifungwe kwa boliti ya milimita 8 inayofunguka, si kwa gundi, na kitako kisafiri kwenye sanduku lake. Kikiwa pamoja, uzito wa kitako hugeuka nyundo kila basi linaporuka tuta.

Zungushia kichwa karatasi laini, kisha godoro la sponji la sentimita 5 lililokatwa tundu mahali pa pua na masikio, ili sehemu hizo zisiguswe na kitu chochote. Uzito ubebwe na kisogo na mashavu. Weka ndani ya boksi, boksi ndani ya boksi la pili lenye nafasi ya sentimita 5 kila upande iliyojazwa sponji. Maranda na majani makavu hushuka chini njiani na kuacha tupu juu. Tikisa: ukisikia kitu, fungua uanze tena.

Mteja akiwa ng'ambo, sanduku la mbao za paini za Mafinga ni zuri, ila mbao mbichi zitazuiwa bandarini. Zinatakiwa ziwe zimepashwa joto mpaka kiini chake kifike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo na kupigwa muhuri wa kimataifa wa mbao za kufungashia. Plaiwudi haihitaji muhuri huo. Cheti usikiweke ndani ya sanduku. Kitume peke yake, na piga picha ya namba ya nakala na ya sponji ilivyokaa kabla hujapiga msumari wa kwanza, kwa sababu ndizo atakazoziuliza wakala wa mizigo mteja akidai fidia.